James Joule na Ndoo ya Maji ya Newala

Mwanachuo aliyepata kupanda kutoka Masasi hadi Newala ajua jinsi maji yalivyo mbali, chini mabondeni. Kabla ya mradi wa miaka ya 1950 kuyasukuma kwa pampu, akina mama waliyapandisha kwa vichwa vyao. Kazi ya namna hiyo twaipima kwa jouli, ingawa mwenye jina hatumjui.

James Prescott Joule alizaliwa Salford, Uingereza, tarehe 24 Desemba 1818, mwana wa mwenye kiwanda cha bia. Hakusoma chuo kikuu. Alifundishwa nyumbani, kisha na John Dalton huko Manchester. Mwaka 1840 alipima joto la waya upitishao umeme, akaona kwamba mkondo ukiongezwa mara mbili, joto huongezeka mara nne. Baadaye alitundika vizito ambavyo vilipoteremka vilizungusha makafi ndani ya chombo cha maji. Maji yalipata joto, lakini dogo mno, hata wataalamu wakaishuku themometa yake. Mwaka 1844 Royal Society ilikataa kuchapisha makala yake. Mwaka 1847, huko Oxford, alitakiwa afupishe maelezo; kijana William Thomson ndiye aliyetambua uzito wa jambo hilo. Mwaka huohuo Joule alioa, na Thomson alisimulia baadaye kwamba alimkuta fungateni karibu na Chamonix, mkononi ana themometa, akitaka kupima maporomoko ya maji.

Hapo ndipo somo letu lilipo. Wengi wetu, nami nimo, huandika kanuni ubaoni kwanza. Afadhali tuulize: ndoo ya kilo 20 ikipandishwa mita 300, kisha maji yakaporomoka tena hadi bondeni, yatapata joto kiasi gani? Watoto wabashiri kabla ya kukokotoa. Kazi ni 20 × 10 × 300, yaani jouli 60,000, namba ya kutisha. Lakini kilo moja ya maji huhitaji jouli 4,200 hivi ili ipande nyuzi moja ya Selsiasi. Kilo 20 zahitaji 84,000. Basi hata nishati yote ikigeuka joto la maji, hayafikii nyuzi moja! Atakayeuliza mbona uzito wa mama mwenyewe haukuhesabiwa, asinyamazishwe. Ameielewa hesabu kuliko aliyeinakili.

Joule alifariki Sale tarehe 11 Oktoba 1889. Juu ya kaburi lake imechongwa namba 772.55, kipimo chake cha mwaka 1878: futi ambazo ratili moja ya maji ingeanguka ili ipate joto la nyuzi moja ya Fahrenheit.