Livingstone na barua zake za Kabambare

Mara hii tunawaeleza maisha ya mtu ambaye jina lake sisi wote tunalijua, lakini wengi hatukumbuki kwamba alikaa hapa kwetu Maniema, akingoja barua.

David Livingstone alizaliwa Blantyre, kule Scotland, tarehe 19 Machi 1813. Akiwa na miaka 10 aliingia kazi katika kiwanda cha pamba. Halafu akasomea udaktari, na mwaka 1841 akafika Afrika ya Kusini kuwa mmisionari.

Mwaka 1869 alifika Kabambare. Wakati ule posta hapana, waya hapana. Barua ilitembea na watu: msafara huu unaupatia msafara mwingine, mpaka ziwa Tanganyika, Ujiji, Tabora, halafu Zanzibar. Lakini wenye kushika njia ile walikuwa wafanyabiashara wa pembe na watumwa. Hawakutaka mambo yao yajulikane pwani. Kule Ujiji, mwaka ule ule, Livingstone aliandika barua 42, lakini kupata mtu wa kuzipeleka ilikuwa shida kabisa.

Mwaka 1870 vidonda vya miguu vilimlaza Kabambare karibu siku 80. Watu wake wengi walimwacha. Wakabaki Susi, Chuma na Gardner tu. Februari 1871 watu 10 wakafika toka pwani na barua moja. 40 zilipotea njiani. Karatasi zikamwishia, akaandika juu ya magazeti ya zamani.

Tarehe 15 Julai 1871, sokoni Nyangwe, aliona wafanyabiashara wakipiga watu bunduki. Mamia walikufa, wengi wanawake. Safari hii habari haikuzuiwa: Stanley alimkuta Ujiji, akaichukua mpaka Ulaya mwaka 1872. Ilisaidia sana, na mwaka 1873 soko la watumwa la Zanzibar likafungwa.

Livingstone alikufa Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo. Susi, Chuma na wenzao waliubeba mwili pamoja na maandiko yake mpaka Bagamoyo, wakafika Februari 1874.

Leo simu iko mfukoni, na neno moja linafikia kundi zima mara moja. Lakini mpaka sasa habari inafika tu kama kila aliye njiani anaipitisha. Basi, ukipewa barua ya mwenzako, uifikishe.