David Livingstone: Mwana, Baba, na Jioni za Nyumbani

SABATO MCHANA

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Kumbukumbu la Torati 6:4–9, Zaburi 121, Zaburi 127, Mithali 22:6, Malaki 4:5, 6, Waefeso 6:4, 2 Timotheo 1:5, 3:14, 15.

Fungu la kukariri: Kumbukumbu la Torati 6:6, 7.

Msimu wa mpunga unapofika, wazazi wengi wa Mwamkulu hutoka nyumbani alfajiri na kurudi giza limekwisha kuingia. Watoto hubaki na bibi au na dada mkubwa. Baba anaporudi ananawa, anakula, analala. Hakuna wa kumlaumu, kwa maana anawahangaikia watoto wale wale. Lakini jioni nyingine imepita, na mtoto amelala bila kuzungumza naye.

Mwaka 1872 mzee mmoja mgonjwa mwenye umri wa miaka 59 alipita katika nchi ambayo leo ni Mkoa wa Katavi. Alitoka Tabora, akaelekea Ziwa Tanganyika, kisha akashika njia ya kusini. Alikuwa David Livingstone. Shuleni tulifundishwa kwamba alikuwa mmisionari, daktari, msafiri na adui wa biashara ya utumwa. Mara chache tunauliza maswali mawili: alilelewa katika nyumba ya namna gani, na yeye mwenyewe alikuwa baba wa namna gani? Majibu yake hayafanani, na katika tofauti hiyo yamo mafundisho ya juma hili.

JUMAPILI: Chumba Kimoja cha Blantyre

Soma 2 Timotheo 1:5 na 3:14, 15. Timotheo aliipata wapi imani yake, na akiwa na umri gani?

Livingstone alizaliwa tarehe 19 Machi 1813 huko Blantyre, Scotland. Wazazi wake, Neil na Agnes, walikuwa maskini. Waliishi katika jengo la wafanyakazi wa kiwanda cha pamba, ambamo familia 24 zilipanga, kila familia chumba chake kimoja. Katika chumba hicho walilala, walipika, walisoma na kuomba.

Neil alikuwa mchuuzi wa majani ya chai. Alipopita nyumba kwa nyumba akiuza chai, aligawa pia vijitabu vya injili, kama wafanyavyo wainjilisti wetu wa vitabu. Alifundisha watoto Maandiko, na nyumbani kwake ibada ya familia ilikuwa desturi. David alipokuwa na miaka tisa alikariri Zaburi ya 119, sura ndefu kuliko zote katika Biblia, na mwalimu wake akamzawadia Agano Jipya.

Babu yake naye alikuwa na hazina ya hadithi zisizokwisha. David alimsikiliza kwa furaha. Miaka mingi baadaye, akiota moto jioni pamoja na Waafrika, alitambua kwamba hadithi alizosikia zilifanana sana na zile za babu yake. Alikuwa amezitunza moyoni tangu utoto.

Kuna mzazi anayesema kwamba hawezi kulea vizuri mpaka apate nyumba kubwa na fedha za kutosha. Nyumba ya Blantyre inamjibu. Watoto wa chumba kile walipata Neno, maombi, hadithi na mfano wa wazazi wanaoishi wanachokihubiri.

Tafakari: Ni desturi gani ya ibada inayoweza kuanza nyumbani kwako juma hili bila kugharimu hata shilingi moja?

JUMATATU: Kitabu Juu ya Mashine

Soma Waefeso 6:4. Mzazi anawezaje kumchokoza mtoto hata anapomtakia mema?

Akiwa na miaka kumi David alianza kazi kiwandani, saa 12 asubuhi hadi saa 2 usiku. Kwa sehemu ya ujira wake wa juma la kwanza alinunua kitabu cha sarufi ya Kilatini. Alipotoka kazini alikwenda shule ya usiku, kisha akarudi kusoma nyumbani hadi usiku wa manane, mpaka mama yake alipomnyang'anya kitabu ili apate kulala. Mchana alikiegemeza kitabu kwenye mashine ya kusokotea nyuzi, akasoma sentensi moja kila alipopita mbele yake.

Hata hivyo, nyumba hii haikukosa mivutano. Neil alipenda mwanawe asome vitabu vya dini tu, naye David alipenda vya safari na vya sayansi. Siku moja kijana alikataa kusoma kitabu cha dini alichopewa, akachapwa. Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya mwisho kuchapwa na baba yake, na fimbo haikumfanya akipende kitabu kile. Baadaye alipata vitabu vya Thomas Dick, mwandishi aliyeonyesha kwamba maarifa ya viumbe na imani katika Muumba havipingani. Moyo wake ukatulia. Yeye na ndugu zake walizoea kuzunguka mashambani wakikusanya mimea, na magamba ya kale kwenye machimbo ya mawe, na mapenzi hayo ya viumbe yalimsaidia sana alipofika Afrika.

Kitabu kizuri kikitolewa kwa hasira kinaweza kuchukiwa. Mtoto huvutwa zaidi anapomwona mzazi akikifurahia kitabu mwenyewe, na anapopewa nafasi ya kuuliza maswali.

Mivutano ile haikuuvunja upendo. Asubuhi ya tarehe 17 Novemba 1840, siku ya kuondoka kwake, familia iliamka saa 11. Mama akaandaa kahawa. David akasoma Zaburi ya 121 na ya 135, akaomba. Kisha baba na mwana wakatembea pamoja kwa miguu hadi Glasgow, David akapanda meli. Hawakuonana tena duniani, kwa maana Neil alifariki mwaka 1856 mwanawe akiwa bado Afrika.

Tafakari: Kama leo ingekuwa siku ya mwisho kukaa mezani na mwanao, ungependa akumbuke nini?

JUMANNE: Kazi za Mikono Kolobeng

Soma Mithali 31:13–27. Orodhesha kazi za mikono zinazotajwa humo. Watoto wa mama huyo walijifunza nini kwa kumtazama?

Mwaka 1845 Livingstone alimwoa Mary Moffat, binti wa wamisionari, aliyezaliwa na kukulia Afrika. Mwaka 1847 walihamia Kolobeng, katika nchi ambayo leo ni Botswana, kwa watu wa Chifu Sechele. Duka halikuwapo karibu. David alijenga nyumba kwa mikono yake, akawa mhunzi, seremala na mkulima. Mary alitengeneza mishumaa na nguo. Sabuni aliipika kwa majivu ya mimea. Mkate mara nyingi waliuoka ndani ya kichuguu kilichochimbwa tundu na kufunikwa kwa jiwe.

Siku yao ilikuwa na utaratibu. Waliamka mapema, wakafanya ibada ya familia, wakapata kifungua kinywa, kisha shule ikafuata hadi karibu saa 5, wazee kwa watoto wakijifunza kusoma. Baada ya hapo baba alishika nyundo au jembe. Mary alifundisha watoto wadogo, na wasichana akawafundisha kushona. Sechele mwenyewe alizijua herufi zote siku ya kwanza tu ya masomo, akawa msomaji wa Biblia asiyechoka.

Watoto wa Kolobeng, Robert, Agnes na Thomas, walianza maisha yao katika nyumba hiyo ya ibada, vitabu na kazi. Nasi tunazo kazi zetu: kusuka mikeka na vikapu, kufinyanga, kufuma, kufyatua matofali, kutengeneza magari ya waya, kupanda mboga nyuma ya nyumba. Watoto walio katika Watafuta Njia hujifunza mengi ya namna hii kanisani. Lakini mtoto anayesuka ukili kando ya mama yake hujifunza pia uvumilivu na ukweli, na mikono inapokuwa na kazi mdomo nao hufunguka. Siri nyingi za watoto husemwa wakati wa kupepeta mchele kuliko wakati wa kuhojiwa.

Tafakari: Ni kazi gani unayoifanya peke yako kwa kuwa mtoto atakuchelewesha? Ungepata nini, na yeye angepata nini, kama mngeifanya pamoja?

JUMATANO: Jioni Ambazo Hazikurudi

Soma Zaburi 127. Kwa nini zaburi hii inataja kujitaabisha bure na kisha, mara moja, kutaja watoto kama urithi wa Bwana?

Pamoja na mema yote ya Kolobeng, kulikuwa na upungufu ambao Livingstone aliuona baadaye. Baadaye alikiri kwa majuto kwamba mwisho wa siku alichoka sana akili na mwili, hata hakubakiwa na nguvu za kucheza na watoto wake. Aliwafundisha, lakini hakucheza nao walipokuwa wadogo. Kisha wakakua yeye akiwa mbali, naye alipotaka kucheza hakuwa na mtoto wa kucheza naye.

Safari zilizidi kuwa ndefu. Mwaka 1852 aliisindikiza familia yake hadi Cape Town, Mary na watoto wanne wakapanda meli kwenda Uingereza. Robert alikuwa na miaka sita. Kwa zaidi ya miaka minne Mary alihangaika na watoto kutoka makazi hadi makazi, fedha zikiwa haba. Baba alirudi Desemba 1856 akiwa mtu maarufu, watu wakijaa kumsikiliza. Mwaka 1858 akasafiri tena kwenda Zambezi. Wakati huo Robert alikuwa na miaka 12. Hawakuonana tena.

Mary alifariki kwa homa huko Shupanga, kando ya Zambezi, tarehe 27 Aprili 1862, akazikwa chini ya mbuyu. Mwaka uliofuata Robert alisafiri hadi kusini mwa Afrika kumtafuta baba yake, asiweze kumfikia. Akaishia Marekani, akajiunga na jeshi la Kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Hakutumia jina la Livingstone. Alijiita Rupert Vincent, akimweleza baba yake kwa barua kwamba hakutaka kuliaibisha jina lake. Alitekwa, akafia kifungoni huko Salisbury, North Carolina, mwaka 1864, akiwa na miaka 18.

Hatuandiki haya ili kumhukumu mtumishi wa Mungu. Kazi yake ilisaidia kuufumbua macho ulimwengu kuhusu mateso ya watumwa katika nchi zetu hizi, na Mungu peke yake ajua mizigo aliyobeba. Lakini majuto yake ni onyo kwa mchungaji, mzee wa kanisa, mwalimu, mfanyabiashara na mkulima. Hata kazi njema inaweza kula jioni zote za mtoto.

ALHAMISI: Moyo wa Baba Wawageukia Watoto

Soma Malaki 4:5, 6. Kazi ya kurejesha mioyo inaanzia kwa nani?

Mwaka 1864 Livingstone alirudi Uingereza. Hapo ndipo alipomwona kwa mara ya kwanza binti yake mdogo, Anna Mary, aliyekuwa na miaka mitano. Alikaa miezi kadhaa Newstead Abbey kwa rafiki zake akiandika kitabu, na binti yake mkubwa, Agnes, akawa pamoja naye na kumsaidia kunakili. Kalamu na karatasi ziliwapa baba na binti kile ambacho miaka ya utengano ilikuwa imewanyima.

Alipoondoka tena kuja Afrika, barua zilichukua nafasi ya mazungumzo. Agnes alimwandikia kwamba angependa baba yake amalize kazi kama alivyokusudia, kuliko arudi kwa ajili ya kumfurahisha yeye tu. Barua hiyo ilimpa baba faraja kubwa. Ndiye yule mzee aliyepita Katavi mwaka 1872. Tarehe 1 Mei 1873 watumishi wake walimkuta amekufa katika kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo, akiwa amepiga magoti kando ya kitanda chake. Susi, Chuma na wenzao waliubeba mwili wake hadi Bagamoyo.

Magoti yale yalijifunza kupigwa Blantyre. Livingstone alipoandika maneno ya kaburi la wazazi wake, alimshukuru Mungu kwa wazazi maskini na wacha Mungu. Hakukubali maneno hayo yabadilishwe yasomeke kwamba walikuwa maskini lakini wacha Mungu. Kwake umaskini wao haukuwa kasoro ya kuombewa radhi.

Mzazi ambaye watoto wake wamekwisha kukua asikate tamaa. Kwa Robert nafasi ilipita, lakini kwa Agnes ilikuwapo bado. Simu moja usiku wa leo, au kukaa pamoja Ijumaa jua linapozama na kuifungua Sabato kwa wimbo, kunaweza kuwa mwanzo mpya.

Tafakari: Ni mtoto gani ambaye moyo wako unapaswa kumgeukia leo?

IJUMAA: Jifunze Zaidi

Soma tena Kumbukumbu la Torati 6:6–9. Musa anataja nyakati nne za kuzungumza na watoto: kuketi nyumbani, kutembea njiani, kulala na kuondoka. Andika majina ya watoto wako, na mbele ya kila jina andika wakati mmoja utakaokuwa wake juma lijalo.

Maswali ya kujadili:

1. Wakati wa kupanda na kuvuna mpunga, familia za kikundi chenu zinawezaje kusaidiana ili kila mtoto apate ibada ya jioni na mtu mzima wa kuzungumza naye?

2. Neil Livingstone alimchapa mwanawe kwa ajili ya kitabu. Tufanye nini ili watoto wapende Biblia, Kesha la Asubuhi na vitabu vyetu bila kulazimishwa?

3. Kuna tofauti gani kati ya kumfundisha mtoto na kucheza naye? Kwa nini anahitaji vyote viwili?

4. Kazi ya Mungu na familia zinapogombania saa zile zile, tutajuaje la kufanya? Toa mifano kutoka katika Biblia, ukianza na nyumba ya Eli katika 1 Samweli 2 na 3.