Bwana Aliyeupima Usingizi

Muhula uliopita mimi nilikuwa mtu wa kukesha. Taa za bweni zilipozimwa nilijifunika blanketi pamoja na kitabu na tochi, nikidhani ya kuwa saa za kulala ni saa za kupoteza. Hata siku ya jaribio la hesabu nikasinzia juu ya karatasi, na maksi nilizopata sipendi kuzitaja. Mwalimu wetu wa biolojia hakunikemea, bali alinisimulia habari za Nathaniel Kleitman, nami nawasimulia ninyi.

Kleitman alizaliwa mwaka 1895 katika mji wa Kishinev, uliokuwa siku zile chini ya dola ya Urusi. Alifika Marekani mwaka 1915, na mwaka 1923 akapata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Chicago. Wakati huo wataalamu wengi waliona usingizi kuwa ni mapumziko tu. Yeye akataka kuupima, akaanza na mwili wake mwenyewe: alikesha zaidi ya saa 100 mfululizo. Akaona ya kuwa mtu aliyekesha hulemewa zaidi usiku wa manane, lakini kukipambazuka huchangamka kidogo, ingawa hajalala.

Mwaka 1938 yeye na mwanafunzi wake, Bruce Richardson, waliingia Mammoth Cave, pango kubwa lililoko Kentucky, wakakaa siku 32. Mle hamna jua wala jogoo. Walijiwekea siku ya saa 28, yaani saa 19 macho na saa 9 kitandani, huku wakipima joto la miili yao. Baada ya wiki moja hivi mwili wa Richardson uliifuata siku hiyo mpya. Mwili wa Kleitman, aliyekuwa na miaka 43, ulikataa kabisa. Joto lake lilipanda na kushuka kwa saa 24 kama kawaida, na lilipopanda usingizi haukuja, ijapokuwa kitanda kilikuwa tayari. Naye hakuficha kushindwa huko, bali alikuandika.

Mwaka 1953 yeye na mwanafunzi mwingine, Eugene Aserinsky, walitangaza ya kuwa macho ya mtu aliyelala huenda mbio mara kwa mara chini ya kope, na aliyeamshwa wakati huo mara nyingi hukumbuka ndoto. Siku hizi wachunguzi wa ukosefu wa usingizi hupima umeme wa ubongo na mwendo wa macho, tena humpa mgonjwa daftari aandike alilala saa ngapi na aliamka mara ngapi. Kleitman alifariki mwaka 1999, akiwa na miaka 104.

Basi nami nikachukua daftari. Kwa majuma mawili niliandika saa za kulala, na kila asubuhi nikajiuliza nakumbuka nini katika yale niliyoyasoma usiku. Usiku wa kukesha ulinipa kurasa nyingi, lakini asubuhi sikuzikumbuka hata mbili. Mtihani wa mwisho unakaribia, na hofu ninayo kama wenzangu. Hata hivyo, tochi yangu nimemkabidhi kiranja wa bweni.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne