Bibi Rosalie Edge na Mlima wa Vipanga

Muhula huu chama chetu cha mjadala kilishindana juu ya jambo moja: je, ndege wala nyama waliolindwa na sheria yafaa wapunguzwe na walinzi wa mawindo, ama waachwe? Walioshinda ni wale waliotaka wapunguzwe, na hoja yao kubwa ilikuwa vifaranga. Mtu yeyote aliyekulia penye kuku, hapa Uganda au kwingineko, anajua mwewe ni mwizi wa namna gani, basi sishangai kwamba mikono mingi iliinuliwa upande ule. Mimi nilikuwa upande wa pili. Wakati haukutosha kueleza habari za bibi mmoja wa Marekani aliyepigania jambo hilihili, nami naomba wasomaji, wa sasa na wa zamani, wanipe nafasi nizieleze hapa.

Rosalie Barrow alizaliwa New York tarehe 3 Novemba 1877, katika nyumba ya watu wenye uwezo. Baba yake alikuwa na udugu na Charles Dickens, yule mtunzi tunayemsoma darasani. Mwaka 1909 aliolewa na Bwana Charles Edge, mhandisi Mwingereza, na arusi ilifanyika Yokohama, Japani. Waliporudi Marekani baada ya miaka michache, Bibi Edge aliingia miongoni mwa wanawake wa New York waliokuwa wakidai haki ya kupiga kura, akashika kazi ya ukatibu katika chama chao. Kura hiyo waliipata mwaka 1917. Naitaja habari hii kwa kuwa ndiko alikojifunza kutunga vijitabu vikali, kusimama mkutanoni na kuuliza maswali, na kutowaogopa wanaume wenye vyeo.

Ndege walikuja baadaye. Mwaka 1921 alitengana na mumewe, na katika huzuni ile akaanza kutembea katika bustani kubwa iliyo katikati ya mji wa New York, darubini mkononi, akitazama ndege. Umri wake ulikuwa umepita miaka 40. Kabla hajafa alikuwa ameorodhesha aina zaidi ya 800.

Mwaka 1929, akiwa Paris, alipata kijitabu kilichoandikwa na wataalamu wa jumba la makumbusho la New York, Bwana Van Name na wenzake. Kilisema kwamba vyama vikubwa vya kulinda ndege vimelala usingizi, na kwamba vinasikiliza zaidi wawindaji na watengenezaji wa bunduki kuliko ndege wenyewe. Aliporudi nyumbani alikwenda kwenye mkutano wa mwaka wa Chama cha Audubon, akasimama akauliza kama maneno yale ni kweli. Viongozi walikasirika. Kwa masimulizi yake mwenyewe, rais wa chama alimwambia kwamba amewaharibia wakati wa sinema na chakula kinapoa! Bibi huyu hakuketi. Mwaka huohuo akaanzisha kamati yake ndogo ya kulinda viumbe, na baadaye akagundua kwamba Chama cha Audubon kilikuwa kinawaruhusu wategaji kunasa wanyama wa manyoya katika hifadhi yake mwenyewe huko Louisiana, kisha kinapokea fedha. Aliomba orodha ya wanachama ili awaandikie barua, akanyimwa. Akaenda mahakamani mwaka 1931, akashinda.

Sasa nifike kwenye vipanga. Jimbo la Pennsylvania lilikuwa na historia mbaya katika jambo hili. Mwaka 1885 lilitunga sheria ya kulipa senti 50 kwa kila kipanga au bundi aliyeuawa, na kwa wanyama wengine wadogo wala nyama. Kwa mwaka mmoja na nusu dola kama 90,000 zikatoka katika hazina. Mtaalamu wa serikali, Bwana Merriam, akapiga hesabu: kuku waliookolewa thamani yao haikufika dola 2,000, lakini panya waliozidi mashambani walileta hasara ya mamilioni. Hesabu za namna hii mimi huzipokea kwa tahadhari, maana ni nani aliyewahesabu panya? Lakini mwaka 1893 mwenzake, Bwana Fisher, alitoa kitabu baada ya kupasua matumbo ya vipanga na bundi zaidi ya 2,000, akaona kwamba wengi wao hula panya na wadudu, na ni aina chache tu zenye kumdhuru mfugaji. Hii ni hoja nzito kuliko ya kwanza, kwa sababu tumbo halisemi uongo.

Hata hivyo, mwaka 1929 kamisheni ya wanyama wa mawindo ya jimbo lilelile ilitangaza dola 5 kwa kila kozi atakayeletwa, ili kuwaokoa kwale wa wawindaji. Dola 5 zilikuwa fedha nyingi, na taabu ya maisha ilikuwa inaanza. Tena, mwindaji aliye chini hawezi kumpambanua kozi na vipanga wengine wanaopita juu kwa kasi. Kwa hiyo hupiga wote.

Kuna safu ndefu ya milima huko iitwayo Kittatinny. Upepo wa vuli ukiipiga hupanda juu, na ndege wala nyama wanaokwenda kusini hujiachia juu ya upepo huo bila kupiga bawa, maelfu kwa maelfu, wakipita karibu kabisa na mawe ya kileleni. Wenyeji walipanda pale siku za mapumziko na bunduki. Mwaka 1932 kijana mmoja, Bwana Richard Pough, alikwenda akakuta mizoga imetapakaa msituni, mingine ingali na uhai. Yeye na mwenzake waliikusanya, wakaipanga chini kwa safu, wakaipiga picha. Picha zile Bibi Edge aliziona, na akangoja vyama vikubwa vinunue mlima. Havikununua. Basi mwaka 1934 akakopa dola 500 kwa Bwana Van Name, akaupanga mlima mwenyewe, eka karibu 1,400, na miaka minne baadaye ukawa mali ya chama alichokianzisha kuutunza.

Akamwajiri Bwana Maurice Broun awe mlinzi, naye akaja na mkewe Irma. Fikirini kazi ile: watu wawili njiani, mbele yao wawindaji wenye silaha waliozoea mahali pale. Bibi Irma ndiye aliyesimama langoni kuwarudisha. Bwana Broun alikaa kileleni akihesabu, na vuli ile ya kwanza alihesabu ndege zaidi ya 10,000.

Wapinzani wangu walisema kwamba mtu asiyefuga hana haki ya kumhukumu mfugaji. Nami nakiri kwamba hoja yao ina nguvu mahali fulani. Huko Langholm, kusini ya Uskoti, kuanzia mwaka 1992 walinzi wa mawindo waliitii sheria wakaacha kuwaua vipanga. Aina moja ikaongezeka kutoka majike 2 wenye viota hadi 20 mwaka 1997. Kwale wakapungua hata uwindaji ukasimama, na walinzi wakapoteza kazi. Lakini sikilizeni yaliyofuata: walinzi walipoondoka, mbweha na kunguru walizidi, na vipanga wale, ambao hutaga chini, wakapungua nao. Baadaye wakajaribu kuwawekea vipanga chakula, panya na vifaranga waliokufa, na vifaranga wachache sana wa kwale wakachukuliwa. Kwa hiyo mlinzi anahitajika, tena sana. Sioni ni kwa nini ahitaji kumpiga kipanga.

Bibi Edge hakufanya kazi ya mlima peke yake. Alisaidia pia kupatikana kwa hifadhi za taifa za Olympic, mwaka 1938, na Kings Canyon, mwaka 1940. Ila mlima ulileta faida ambayo hata yeye hakuitazamia. Bibi Rachel Carson, alipokuwa akichunguza madhara ya dawa ya DDT, alitumia hesabu za Bwana Broun. Katika miaka ya 1935 hadi 1939, tai wachanga walikuwa asilimia 40 ya tai wote walioonekana pale. Kati ya 1955 na 1959 walikuwa asilimia 20 tu. Kitabu chake kilitoka mwaka 1962.

Vuli ya mwaka huohuo Bibi Edge, mzee wa miaka 85, alisafiri mpaka Texas kwenye mkutano wa Chama cha Audubon, kile alichokishtaki zamani. Wanachama walisimama wakampigia makofi. Majuma machache baadaye, tarehe 30 Novemba, alifariki. Sheria ya Marekani nzima ya kuwalinda vipanga na tai wa aina zote ilikuja mwaka 1972. Na pale mlimani wahesabuji hukaa juu ya mawe yaleyale kila mwaka, tangu katikati ya Agosti mpaka katikati ya Desemba.