Michael Thonet, Seremala Aliyepinda Mbao

Fundi seremala wa Kibondo au Kasulu atakaye kutengeneza kiti chenye mgongo wa kupinda, mara nyingi huchukua ubao mpana wa mninga, akaukata kwa msumeno kufuata mstari alioupiga. Kiti hupendeza, lakini hasara zake ni mbili. Kwanza, sehemu kubwa ya ubao huwa takataka. Pili, msumeno hukata nyuzi za mti, na pale zilipokatwa ndipo kiti kivunjikapo. Mtu mmoja aliihangaikia shida hii kwa miaka mingi, naye ni Michael Thonet. Habari zake ni hizi.

Thonet alizaliwa tarehe 2 Julai 1796 katika mji wa Boppard, kando ya mto Rhine, Ujerumani. Baba yake alikuwa fundi wa kutengeneza ngozi. Kijana alijifunza useremala, na mwaka 1819 alianza kufanya kazi kwa kujitegemea.

Katika miaka ya 1830 alianza majaribio. Alijua jambo ambalo kila mtoto achezaye na fito hulijua: ufito mnene ukiukunja huvunjika, bali mwembamba hukubali. Basi alipasua mbao kuwa vipande vyembamba, akavichemsha katika gundi, akavibana pamoja juu ya kalibu yenye umbo alilolitaka, akaviacha vikauke. Gundi iliposhika, vipande vile havikuweza tena kuteleza kimoja juu ya kingine. Vikawa kama mti mmoja uliopinda, na nyuzi zake zikafuata mpindo bila kukatwa. Kiti kikawa chepesi na tena imara. Mwaka 1837 alinunua hata kiwanda cha gundi.

Lakini uvumbuzi hula fedha. Mwaka 1840 aliomba hati ya kulinda uvumbuzi wake, asiipate. Mwaka 1841 alipeleka kazi zake katika maonyesho ya Koblenz. Huko zilionwa na Metternich, kiongozi mkuu wa serikali ya Austria, aliyemshauri ahamie Vienna. Alihamia mwaka 1842, akiwa mtu mzima wa miaka karibu 46, akiacha madeni nyuma yake. Mwaka huo huo Austria ilimpa hati. Alifanya kazi katika jumba la ukoo wa Liechtenstein, na mwaka 1849 akafungua tena karakana yake mwenyewe. Mwaka 1851 alipata nishani ya shaba katika Maonyesho Makuu ya London, na mwaka 1853 aliwaandikisha wanawe watano kuwa wenye biashara.

Hata hivyo adui alikuwako, naye ni unyevu. Gundi ya siku zile ilitokana na ngozi na mifupa ya wanyama, nayo hulegea kwa maji na joto. Viti vilivyopelekwa ng'ambo katika nchi za joto na mvua viliachana vipande. Thonet hakung'ang'ania njia ile kwa sababu tu ilikuwa imempa sifa. Alichukua fimbo nzima ya mti uitwao biichi, akailainisha kwa mvuke, akaikunja huku bamba la chuma limebanwa upande wa nje ili isipasuke. Mwaka 1856 alipata hati ya njia hiyo, na kiwanda kikajengwa Koritschan, huko Moravia, karibu na misitu ya biichi.

Mwaka 1859 kilitoka kiti namba 14. Kilikuwa na vipande 6 vya mti, skrubu 10 na nati 2. Viti 36 vilivyofunguliwa vilienea katika sanduku la mita moja ya ujazo. Kufikia mwaka 1930 viti kama milioni 50 vya namba hiyo vilikuwa vimeuzwa. Mwenyewe alifariki Vienna tarehe 3 Machi 1871.

Njia yake ya kwanza nayo haikufa. Karne ya 20 ilileta gundi zisizoogopa maji, na mafundi wakarudia vipande vyembamba. Siku hizi wako wanaovipaka gundi, wakaviweka juu ya kalibu ndani ya mfuko usiopitisha hewa, kisha pampu ikanyonya hewa iliyomo. Hapo hewa ya nje huvigandamiza kila upande. Pwani mgandamizo huo ni kama uzito wa tani 10 kwa kila mita ya mraba. Katika nyanda zetu za juu hewa ni nyepesi zaidi, lakini bado hukaribia tani 9. Asiye na pampu asikate tamaa, maana Thonet naye hakuwa nayo.

Ndugu wanafunzi, wengi wetu tutashika kazi za mikono tukimaliza shule. Mninga hukua polepole, na kipande kitupwacho leo hakirudi mtini. Tujifunze kwa Thonet kuutii mti kabla ya kuushurutisha, na kuiacha njia iliyoshindwa bila kuiacha kazi.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne