Scoresby: Nahodha aliyeiona meli nyuma ya upeo wa macho

Miongoni mwa mabaharia waliokabiliana na bahari za barafu, ni wachache waliozichunguza kwa uangalifu kama William Scoresby, Mwingereza aliyewinda nyangumi kabla ya kuvaa joho la ukasisi.

Alizaliwa Oktoba 5, 1789 katika kijiji cha Cropton, karibu na bandari ya Whitby. Baba yake, ambaye pia aliitwa William, alikuwa nahodha mashuhuri wa meli za kuwinda nyangumi, na mwanawe alianza kuandamana naye baharini akiwa na umri wa miaka 10. Mnamo 1806, kijana huyo akiwa msaidizi mkuu wa baba yake, meli yao ilifika digrii 81 na nusu kaskazini, mbali kuliko meli nyingine yoyote iliyojulikana wakati huo.

Majira ya kiangazi aliyatumia baharini na ya baridi akasomea sayansi katika Chuo Kikuu cha Edinburgh. Akiwa na miaka 21 tayari alikuwa nahodha. Ilhali wenzake walihesabu mapipa ya mafuta ya nyangumi, yeye alipima joto la maji ya kina kirefu na kuchora maumbo ya chembe za theluji. Kitabu chake kuhusu maeneo hayo kilichapishwa mnamo 1820.

Elimu hiyo, hata hivyo, haikumfungulia milango yote. Mnamo 1817 aligundua kwamba barafu ilikuwa imepungua sana karibu na Greenland, akamwarifu msomi Joseph Banks. Habari hizo zilichangia uamuzi wa serikali kutuma meli mnamo 1818 kutafuta njia ya kaskazini ya kuelekea Asia. Scoresby alitamani kuongoza safari hiyo, lakini kwa kuwa hakuwa afisa wa jeshi la wanamaji, jukumu likapewa John Ross.

Ross alipoingia katika mlangobahari wa Lancaster aliona safu ya milima ikiziba njia. Aliipa milima hiyo jina la Croker, mkubwa mmoja katika wizara ya jeshi hilo, kisha akageuza meli. Mwaka uliofuata Edward Parry alipita papo hapo bila kukuta mlima wowote. Wengi huamini kuwa Ross alihadaiwa na mazigazi.

Zamu ya Scoresby ilifika mnamo 1822, akiwa na meli ya Baffin karibu na pwani ya mashariki ya Greenland. Angani aliona taswira ya meli iliyopinduka, milingoti ikielekea chini, huku meli yenyewe haionekani popote. Hakukimbilia kuamini wala kukana. Alichukua darubini, akachunguza matanga na mpangilio wake, kisha akatangaza kuwa hiyo ilikuwa Fame, meli ya baba yake. Walipolinganisha baadaye mahali kila mmoja alipokuwa, ilibainika kuwa walitenganishwa na takriban maili 30, na Fame ilikuwa maili 17 nyuma ya upeo wa macho.

Siri ni hewa. Msafiri wa barabara ya lami huona maji ya uongo wakati wa jua kali kwa sababu hewa ya moto iko chini na ya baridi iko juu. Juu ya barafu mambo ni kinyume: hewa baridi hulala chini na yenye joto hukaa juu yake. Mwanga hupindwa kuelekea chini, ukafuata mviringo wa dunia, na kilichofichika kikaonekana.

Safari hiyo ilimpa sifa na pia msiba. Alichora ramani ya sehemu kubwa ya pwani hiyo na kuuita mlango mmoja wa bahari kwa jina la baba yake. Aliporejea Liverpool, alipokewa na habari kwamba mkewe alikuwa amefariki.

Baada ya msimu wa 1823 aliacha uwindaji, akawa kasisi mnamo 1825, na baadaye akahudumu Bradford. Hakuacha sayansi: mnamo 1856, akiwa na umri wa miaka 66, alisafiri hadi Australia kuchunguza jinsi chuma cha meli kinavyopotosha dira.

Alifariki Torquay mnamo Machi 21, 1857. Ross alipewa meli za serikali akaona milima isiyokuwepo. Scoresby, aliyenyimwa meli hizo, aliona meli iliyokuwepo kweli. Macho ya wote wawili yalichezewa na hewa, lakini mmoja alikuwa na subira ya kupima.