Juan Manuel Fangio: shofere wa Balcarce, na magari yake yanayotafutwa namba kwa namba

Mwezi wa pili 2025, katika muji wa Stuttgart, Ujerumani, gari moja la mashindano liliuzwa kwa mnada kwa zaidi ya euro milioni 51. Halina taa, halina plaki, lina kiti kimoja tu, na huwezi kwenda nalo sokoni. Ni Mercedes aina ya W196, na hakuna gari lingine la mbio za Grand Prix ambalo lilikuwa limeuzwa bei hiyo. Sababu kubwa ya bei ile ni mwanaume mmoja aliyelikalia Januari 1955 kule Buenos Aires: Juan Manuel Fangio.

Vijana wengi wa leo wanamjua Schumacher ao Hamilton. Lakini kwa karibu miaka 50 jina lililokuwa juu ya yote lilikuwa la huyu mtoto wa fundi wa ujenzi.

Alizaliwa tarehe 24 Juni 1911 katika Balcarce, muji mdogo wa wakulima wa viazi katika jimbo la Buenos Aires, inchi ya Argentina. Wazazi wake walikuwa Waitaliani waliovuka bahari kutafuta maisha. Masomo hakuendelea nayo mbali. Akiwa bado kijana mdogo aliingia garaje, akaanza kuosha vyombo na kushika funguo za mafundi. Wenzake walimpa jina la utani la Chueco, maana yake mwenye miguu ya kupinda, sababu ya namna alivyokuwa anacheza mpira.

Shindano lake la kwanza, mwaka wa 1936, alilikimbia na teksi ya Ford iliyokuwa ya baba ya rafiki yake. Haikufika mwisho. Gari lililofuata lenye maana lilikuwa Chevrolet, na hilo hakulinunua peke yake: wakaaji wa Balcarce walichanga feza. Kwa hiyo ukiuliza gari la kwanza la maana la Fangio lilikuwa la nani, jibu la kweli ni kwamba lilikuwa la muji mzima. Mwaka wa 1940 alishinda nalo mbio za kutoka Buenos Aires mpaka Lima, Peru, na kurudi, kilometa karibu 9 500 za vumbi, mawe na milima ya Andes. Yeye na mwenzake ndio waliokuwa mafundi wa gari lao, usiku kwenye mwangaza wa taa.

Barabara zile zilichukua watu pia. Mwaka wa 1948, katika mbio za kuelekea Caracas, gari la Fangio lilipinduka inchini Peru usiku na mwenzake Daniel Urrutia akafa. Fangio alitaka kuacha kazi hiyo. Hakuiacha. Mwaka uliofuata Automobile Club ya Argentina ilimtuma Ulaya, akiwa tayari na miaka karibu 38, umri ambao mashofere wengi wanafikiria kupumzika.

Yaliyofuata yanajulikana. Bingwa wa dunia 1951 na Alfa Romeo. Mwaka wa 1952 alivunjika shingo kule Monza, kisha kuendesha usiku mzima kutoka Paris ili asichelewe. Alikosa msimu wote uliobaki. Akarudi, akawa bingwa tena 1954, 1955, 1956 na 1957: mara 5 kwa jumla, na kampuni 4 tofauti, ushindi 24 katika mashindano 51 aliyoanza. Schumacher ndiye wa kwanza aliyepita ile hesabu ya mara 5, mwaka wa 2003.

Turudi kwenye magari, kwa kuwa hapo ndipo kazi ya wachunguzi inaanza.

Mercedes iliingia katika msimu wa 1954 huko Reims, Ufaransa, mwezi wa saba, na gari lenye bodi iliyofunika pine zote. Fangio akashinda. Wiki mbili baadaye, Silverstone Uingereza, bodi ile ilimnyima kuona pine za mbele kwenye kona. Akagonga mapipa yaliyowekwa pembeni na kumaliza wa nne. Kiwanda kikatengeneza haraka bodi ya pine za wazi. Agosti 1, kwenye Nürburgring, Fangio alipata shasi mpya yenye namba 6. Siku moja mbele yake, Onofre Marimón, kijana wa kwao aliyekuwa kama ndugu yake mdogo, alikuwa amekufa kwenye mazoezi. Fangio alishinda shindano lile, akashinda tena na shasi ileile wiki tatu baadaye huko Bern, Uswisi.

Kila mtu aliyekwisha kununua gari la okazio anajua: usiangalie rangi, angalia namba ya shasi na karte roze. Kwa magari haya ni hivyohivyo, ila ni ngumu zaidi. Namba kubwa iliyopakwa ubavuni ni ya siku ile tu. Wiki ijayo gari lingine linaibeba. Moteri zilibadilishwa, bodi zilihamishwa kutoka shasi moja mpaka nyingine. Hata gari la Stuttgart: Fangio alishinda nalo Buenos Aires likiwa na pine za wazi, na mwezi wa tisa mwaka uleule Stirling Moss akaliendesha Monza likiwa na bodi ya kufunika. Anayeangalia picha mbili zile bila daftari la kiwanda atasema ni magari mawili. Ndiyo maana wachunguzi wanasoma daftari za mafundi, wanalinganisha picha za zamani, wanatafuta alama ya kulehemu ao tundu la msumari lililobaki pahali pake.

Kwa Maserati mambo ni machafu zaidi. Fangio alishinda ubingwa wa 1957 na aina ya 250F. Ndiyo aliyoendesha Nürburgring alipobaki nyuma karibu dakika moja kisha kusimama kubadilisha pine, akavunja rekodi ya mzunguko mara kwa mara na kuwapita Waingereza wawili wa Ferrari mwishoni, akiwa na miaka 46. Lakini kiwanda kile cha Modena kilikuwa kinabadilisha namba za shasi, na kuna magari ambayo historia yake inabishaniwa mpaka leo.

Magari ya Mercedes yaliokolewa na msiba. Juni 1955, kwenye Le Mans, gari la Pierre Levegh liliruka katikati ya watu na zaidi ya 80 walikufa. Fangio alikuwa nyuma yake kidogo tu. Aliamini mpaka mwisho kwamba mkono aliounyanyua Levegh mbele ya kugonga ulimwokoa yeye. Hakukimbia tena Le Mans. Mwisho wa mwaka ule Mercedes iliacha mashindano. Badala ya kuuza magari kwa wapenzi wa mbio, kama walivyofanya wengine, iliyahifadhi, na machache ikayatoa zawadi kwa makumbusho. Lile lililouzwa Stuttgart lilipewa makumbusho ya Indianapolis, Marekani, mwaka wa 1965. Ni wao walioliuza ili kupata feza za kutunza makumbusho yao. Shasi namba 6 ilipewa makumbusho ya Beaulieu, Uingereza, mwaka wa 1973. Katika miaka ya 1980 iliuzwa, ikapita mikononi mwa matajiri, na Julai 2013 ikauzwa Goodwood kwa pauni milioni 19,6. Wakati ule hakuna gari lolote lililokuwa limefikia bei hiyo kwenye mnada. Lilifika pale na vumbi na mikwaruzo yake, na nadhani mikwaruzo ile ndiyo iliyolipwa. Lingeoshwa na kupakwa upya, nani angeamini?

Ferrari 290 MM, shasi 0626, ambayo Fangio alimaliza nayo wa nne chini ya mvua kwenye Mille Miglia ya 1956, iliuzwa New York mwezi wa 12, 2015, kwa dola milioni 28.

Mwenyewe aliacha mbio mwaka wa 1958. Februari ya mwaka ule watu wa Fidel Castro walimteka nyara ndani ya hoteli Havana ili kumwaibisha Batista. Walimtunza vizuri, na shindano lilipoisha wakamkabidhi kwenye ubalozi wa Argentina. Alirudi kwao kuuza Mercedes. Kampuni ile ilimpa gari la barabarani, 300 SL isiyo na paa, ambalo alibaki nalo. Mwaka wa 1986 Balcarce ilifungua makumbusho yenye jina lake, na alipokufa tarehe 17 Julai 1995, akiwa na miaka 84, wengi walidhani historia yake imefungwa.

Hakuwa ameoa, na kwa sheria hakuacha mtoto. Lakini kulikuwa na wanaume, wazee tayari, waliosema ni baba yao. Mwezi wa nane 2015, kwa amri ya tribunali, kaburi lake katika Balcarce lilifunguliwa na mifupa yake ikapimwa. Matokeo yalitoka Desemba: mmoja wao, aliyekuwa yeye pia shofere wa mashindano, alikuwa mtoto wake kweli. Mwaka uliofuata wa pili akathibitishwa. Walikuwa na zaidi ya miaka 70 waliporuhusiwa kubeba jina la Fangio.

Mwaka wa 2022 ile 300 SL, iliyokuwa imesimama ndani ya makumbusho ya Balcarce, iliwekwa sokoni. Kwenye karatasi zake kulikuwa na mwenyeji mmoja tu tangu ilipotoka kiwandani.